Kabula Alivyookoa Vyungu Vyetu

Wafinyanzi wenzangu mliokwenda kupalilia pamba, leo nusura nigawe vyungu kumi na viwili bure!

Baba Masanja, mwenye duka kule Nyarugusu aliyenunua vyungu vyetu kumi na viwili, karudi na gunia la vigae.

"Mama Kabula, vimevunjika njiani. Nipeni vingine."

Huruma ikanishika (mnanijua). Jasho letu la wiki nzima, nami naanza kumchagulia!

"Mama, weka chini."

Ni Kabula wangu, wa darasa la saba, aliyetuandikia karatasi ya mauzo. Akamwamkia mzee vizuri, kisha akasoma: "Mnunuzi atagonga kila chungu asikie kwa mlio wake kama hakina ufa. Kikishapanda lori ni chake, hata kikivunjika."

"Karatasi hii inawapendelea ninyi tu!"

"Ndiyo, baba. Tumeiandika sisi wauzaji, nawe ukatia sahihi."

Majirani waliosimama kusikiliza wakaangua kicheko, na Baba Masanja mwenyewe akacheka.

Kanunua vingine kumi na viwili. Sasa amechuchumaa uani, anagonga kimoja kimoja, sikio kalitega kama daktari.

Mwenye binti anayemfikia wangu aandike jina lake hapa chini. Nafasi nimeacha kubwa, ila sidhani kama itajaa.