Makaa ya Kabale

Kabale Hirbo alifika Isiolo mwaka wa 1984, baada ya ukame kumaliza ng'ombe wao huko Sericho. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, wakakaa kwa dada yake mtaa wa Kiwanjani. Kazi aliyopata ilikuwa ya kupika chai katika hoteli ya Mbaabu, karibu na soko la mifugo. Mimi nilikuwa nachanja kuni pale.

Jiko la Mbaabu lilikuwa la chuma, lenye wavu chini ya moto na bomba la kupitisha moshi juu ya paa. Kabale hakuwa amewahi kupikia jiko la namna hiyo. Kwao mwanamke haachi moto wake uzime. Jioni hufunika makaa kwa majivu mengi, asubuhi huyafukua na kuyapuliza. Basi akafanya vivyo hivyo. Kila jioni alirundika majivu juu ya makaa humo ndani ya jiko, akafunga mlango, akaenda nyumbani bila wasiwasi.

Mwanzoni moto uliwaka kwa shida. Siku moja ukakataa kabisa. Moshi ulirudi ndani, wateja wakatoka nje wakifuta macho.

"Mbaabu," akasema Doyo, dalali wa ng'ombe, "umetuita chai ama umetuita tufukizwe kama kibuyu cha maziwa?"

"Kunywa maji kwanza, Doyo. Na utalipa."

"Nilipie moshi?"

Watu wakacheka. Mbaabu aliingia jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, sina ubaya na wewe. Lakini kesho ni siku ya soko. Watu wa Ngaremara wakikosa chai hapa, watazoea kwingine. Ikiwa hivi tena, nitatafuta mpishi mwingine."

"Nimesikia, mzee."

Alipotoka, Kabale alipiga magoti akapitisha mkono chini ya wavu. Kisha akaniita.

"Lobokat, weka mkono hapa. Unasikia hewa?"

"Hapana." Majivu yalikuwa yameziba kila tundu.

"Basi ni mimi. Nyumbani majivu yanalinda moto. Humu yanaunyonga."

Nikamwambia aondoe yote, awe anawasha kwa kiberiti kama wapishi wengine.

"Moto wa kiberiti ni mgeni," akasema. "Sijui tabia yake."

Akachokoa matundu machache kwa kijiti, moto ukashika. Jioni hiyo aliyachota makaa mekundu, akayatia katika sufuria kuukuu na kuyafunika majivu humo. Halafu akalikwangua jiko mpaka wavu ukabaki mtupu. Asubuhi aliyamwaga yale makaa juu ya wavu, akapanga vijiti vyembamba vya mgunga, akaacha mlango wa chini wazi. Hakupuliza sana. Bomba lilianza kunguruma, na chai ikachemka kabla ng'ombe wa kwanza hawajaingia sokoni.

Doyo alikuja na wageni wake wa Ngaremara, akasimama mlangoni.

"Leo mbona tunaonana sura?"

"Kaa chini unywe," akasema Kabale. "Yako inanuka moshi kidogo, nimekuwekea."

Mbaabu hakumsifu. Alinituma tu Kiwanjani nimwambie yule dada kwamba Kabale atakuwa akichelewa kurudi, maana kuanzia siku hiyo atapika na chakula cha jioni. Na watoto, akasema, wakitoka shule wapitie hapa wale.