Kinyonga Niliyemwapia kuwa Dume

Hata leo nikipita sokoni Kalangalala, upande wanakouza tumbaku, harufu ya ugoro ikinifika puani huwa sisimami. Miguu inakwenda yenyewe. Watu hudhani nina haraka. Haraka ya nini, mtu mzima kama mimi? Harufu ile hunirudisha uani kwetu, kule Ushirombo, miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, nikiwa na umri wa miaka tisa na kinyonga ndani ya gauni.

Nilimtoa kwenye ua wa minyaa, nikamwita Karani, kwa sababu alitazama huku na huku kwa wakati mmoja kama karani wa pamba: jicho moja kwenye mzani, jingine kwa mkulima. Wenzangu walinikimbia. Kwetu kinyonga si mnyama wa kuchezewa, jamani. Watu wazima wakimkuta hawamgusi kwa mkono. Humtilia ugoro mdomoni, naye hugeuka mweusi akafa. Na ugoro nyumbani ulikuwepo, umefungwa kwenye pindo la khanga ya Bibi, mama yake baba.

Siku Bibi alipomwona Karani, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye pindo la khanga. Mama alikuwa mjamzito, siku zake zimefika, na baba yuko machimboni upande wa Bulyanhulu, hatujui atarudi lini. Bibi akatueleza kwamba kinyonga jike hazai kama viumbe wengine. Hupanda juu ya mti, hujiachia, tumbo likapasuka, watoto wakatoka, mwenyewe akafa palepale. Na mwenye mimba akimwona, atafuata njia hiyohiyo.

"Kama ni dume, akae," alisema. "Kama ni jike, ng'wanawane, mwanangu, nitampa ugoro mimi mwenyewe."

Nikaapa ni dume. Nilijuaje? Sikujua lolote. Nilimpenda tu, na mtoto akipenda kitu hakosi kiapo.

Tatizo ni kwamba wiki ileile Karani aliacha kula. Nilimletea panzi wanono, akawatazama kwa jicho moja akawaacha. Akawa hatulii: anapanda, anashuka, anakwaruza udongo kidogo, anarudi juu. Na Mama naye vivyo hivyo: anakaa, anainuka, anashika nguzo ya jiko, anakwenda mpaka kwenye minyaa na kurudi. Mimi nikawa katikati yao, mara namfuata huyu, mara yule. Uani kwetu ungedhani tumeingiliwa na siafu.

Asubuhi ya siku ya kuogesha ng'ombe nikamtia Karani kwenye kikapu, nikakimbia naye mpaka josho. Bwana mifugo alikuwa amesimama katikati ya vumbi na harufu kali ya dawa, suruali imeloa hadi magotini.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ng'ombe gani huyo wa kwenye kikapu?"

Wachungaji walipomwona Karani walirudi nyuma, wanaume wazima na fimbo zao! Bwana mifugo hakucheka. Alimwacha apande kwenye kidole chake, akamtazama macho, akamvuta kidogo kuona kama anashika.

"Haumwi huyu," alisema. "Angeumwa macho yangezama, na asingeshika hivi." Kisha akamgeuza mguu wa nyuma. "Dume wa aina hii ana kijino hapa, nyuma ya kisigino. Unakiona?"

Nilitafuta mpaka macho yakauma. Hakikuwepo.

"Ni jike, mwanangu, na ana mayai. Mguse."

Nikagusa tumbo. Chini ya ngozi kulikuwa na vinundu vingi kama kunde ndani ya mfuko. "Anahangaika kwa sababu anataka udongo laini achimbe," akasema. "Mpe udongo."

Jamani, nilirudi nyumbani nimebeba kifo. Bibi aliniuliza tangu mbali: "Amesemaje?"

"Dume," nikasema. "Dume kabisa."

Hapo ndipo usumbufu wangu ulipoanza hasa. Bwana mifugo alisema atachimba, sawa, lakini hakusema kama atapasuka au la, nami kwa woga sikuuliza. Kila Mama alipojishika kiuno nilikimbia kumwangalia Karani tumbo. Nilijiambia nikisema kweli nitamuua Karani, nisiposema nitamuua Mama. Ni mzigo mzito mno kwa mtu ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yameota.

Siku ya tatu, jua likiwa limeshapanda, nilimkosa Karani kwenye minyaa. Nikamkuta kwenye tuta la viazi la Bibi, amechimba shimo, kichwa tu ndicho kinachochungulia. Na juu yake amesimama Mama, mkono mgongoni, anamtazama.

"Mama, usimwangalie!" nililia, nikambwagia yote: kijino, mayai, uongo wangu.

Mama hakunipiga. Alivuta kigoda akakaa. Wiki nzima sikuwa nimemwona akikaa akatulia.

Kilio changu kilimleta Bibi, ugoro ukiwa tayari kati ya vidole. "Kumbe dume lako linataga!"

"Mwache, mama," Mama akamwambia. "Nimeshamwona. Sasa nataka nimwone anavyotoka."

Tukangoja watatu, mpaka kivuli cha jiko kikatufikia. Karani akatoka, amejaa udongo, mwembamba kama mfuko mtupu, akafukia shimo kwa miguu yake bila haraka, akaelekea kwenye minyaa. Mzima.

"Kumbe huwa anarudi," alisema Mama.

Bibi alisimama na ule ugoro wake muda mrefu. Mwishowe akaunusa mwenyewe, akapiga chafya mara tatu, machozi yakamtiririka hadi kidevuni. Nilimcheka. Jioni ileile Mama alipelekwa zahanati kwa baiskeli, na keshokutwa yake akarudi na mdogo wangu wa kiume.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mimi ndiye mwenye tumbo, naenda huku na huku bila kutulia, Bibi aliniketisha akaniambia habari ambayo hakuna aliyepata kunigusia. Alikuwa na binti kabla ya kumzaa baba, binti wa kwanza, akafa akijifungua. Asubuhi ya siku hiyo kulikuwa na kinyonga juu ya paa, na Bibi akamwonea huruma, akamwacha aende zake. Tangu siku hiyo alitembea na ugoro kwenye pindo, akijihukumu kwa sababu ya huruma yake.

Nami siku ile kwenye tuta nilimcheka. Nilidhani machozi yale ni ya ugoro.