Safari ya Pili ya Verlyn Hostetler

Verlyn Hostetler alikuwa mtu wa kuhesabu. Kila mchezo mkono wake wa kushoto ulikaa mfukoni, na humo mfukoni mlikuwa na kimashine cha chuma cha kubonyeza kwa kidole gumba, kila mpira unaporushwa, mara moja. Ukimshtukiza umuulize mrushaji wetu amerusha mipira mingapi, anakujibu bila hata kugeuza shingo. Alihesabu ngazi za bwalo la chakula. Alihesabu soksi alipofua jezi. Nalisema hili mapema kwa sababu mji mzima unamkumbuka kama kocha aliyeshindwa kuhesabu mpaka mbili, na mimi jambo hilo limenikaba kooni miaka tisa. Kocha wetu mkuu wa wakati ule ameshazikwa, kwa hiyo sasa nalitema.

Tulikuwa makocha watatu wa besiboli katika chuo kidogo cha Tillman, Iowa, chenye wanafunzi mia nane na uwanja unaopakana na shamba la mahindi. Mpira ukipigwa mbali upande wa kushoto wakati wa kiangazi, tulimwachia mwenye shamba mpaka mavuno. Kocha mkuu alikuwa Merle Drabek, ambaye sote tulimwita Mzee, na alikuwa amekikalia kiti hicho miaka thelathini na minane. Verlyn alikuwa msaidizi wake, mwalimu wa warushaji, dereva wa basi na dobi. Mimi, Lonnie Marek, nilifundisha wapigaji na kukata nyasi, maana chuo kama chetu hakina kocha asiyeshika reki.

Katika kazi hii mtu hakai. Msaidizi anafundisha miaka mitatu, anahamia Nebraska, anahamia Kansas, mkewe anafungasha vyombo tena, mpaka siku moja apate timu ya kuiita yake. Verlyn hakuhama. Alikuja Tillman akiwa kijana wa miaka ishirini, mrushaji ambaye watu walifunga maduka waje kumwona, na mwaka wa pili kano ya kiwiko chake ikachanika. Siku aliyotoka hospitali Mzee alimkuta peke yake kwenye benchi, mkono umefungwa kifuani. Akamtia kile kimashine kiganjani.

"Mkono umekwenda," akamwambia. "Macho yapo. Njoo kesho saa tisa, usichelewe."

Baadaye vyuo viwili vilimtaka Verlyn awe kocha mkuu, na mara zote mbili Mzee alimwambia, "Subiri kidogo. Kiti hiki ni chako." Hiyo kidogo ikawa miaka ishirini na minne. Carol Ann, mkewe Verlyn, alikuwa akinibana kila tukikutana kanisani: "Hebu niambie, Lonnie, huyo mzee anangoja nini? Tumzike na kofia yake?" Mimi nilicheka, lakini mwenzangu hakuwa anatania.

Mwishowe Mzee alitangaza kwamba msimu ule ungekuwa wake wa mwisho. Denise Pruitt, mkurugenzi wa michezo, akamwita Verlyn ofisini. Akamwambia waziwazi kwamba wakubwa wa chuo walitaka kijana kutoka nje, na yeye alikuwa anamtetea. Kama timu ingemaliza vizuri mwezi wa Mei, kiti ni chake. Verlyn alitoka mle ofisini akitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Sasa nieleze sheria, maana bila hiyo hakuna hadithi. Mrushaji husimama juu ya kilima kidogo cha udongo katikati ya uwanja. Akibabaika, kocha anaruhusiwa kumwendea, kumtuliza na kurudi. Lakini kocha yeyote wa timu hiyo akienda mara ya pili katika zamu ileile, mrushaji lazima atolewe, hata kama anarusha vizuri namna gani. Na safari haingoji ufike kilimani, inahesabiwa pale unapovuka mstari wa chokaa ulio pembeni mwa uwanja. Kila kocha anaijua sheria hii kama anavyolijua jina la mama yake.

Mwezi wa Machi, Mzee alikwenda kilimani, akarudi, na baada ya wapigaji wawili akainuka akaenda tena. Mwamuzi akamwonyesha vidole viwili. Mzee alivitazama vile vidole muda mrefu, kisha akasema kwa sauti kwamba ndivyo alivyokusudia. Tukashindwa. Ndani ya basi alimpongeza mrushaji wetu Brody Scholl, ila alimwita kwa jina la mtu aliyehitimu kabla Brody hajazaliwa.

Siku ya pili nilimfuata Verlyn chumba cha kufulia.

"Umeona jana?"

"Nimeona nini?"

"Usinifanye mjinga, Verlyn. Mzee anapotea."

"Amechoka. Na wewe ungechoka."

"Nenda kwa Denise ukamwambie. Mzee akapumzike, wewe umalize msimu."

Alifunga mlango wa mashine kwa goti. "Niende nikamwambie, 'Mama, yule aliyenilea akili zimeanza kumtoka, naomba kiti chake'? Hata wewe usingenisalimia."

"Ningekusalimia na pai ningekuletea."

"Pai zako zenyewe Lonnie, afadhali nikose salamu."

Basi tukaendelea. Tulimzunguka Mzee kama watu wanaoshika ngazi mwenzao akiwa juu ya paa. Mimi nilimkumbusha majina, Verlyn alimkumbusha mengine yote, naye hakugundua, au alijifanya hakugundua. Tukashinda mechi kumi na moja, tukaingia fainali ya kombe.

Fainali ilichezwa nyumbani kwetu, Jumamosi mchana. Wachezaji wa zamani wa Mzee walikuja kumuaga, wanaume wenye vitambi na vipara, baadhi wakiwa na wajukuu. Denise alikaa nyuma ya wavu na wakubwa wawili wa chuo. Tulikuwa mbele tatu kwa mbili, zamu ya nane kati ya tisa, na Brody alikuwa anarusha mpira mzuri kuliko siku zote. Kisha akarusha mipira mibovu, mpigaji mmoja akapata njia ya bure, naye Brody akaanza kuvuta kola yake. Verlyn akamwendea, wakacheka kidogo, akarudi. Safari ya kwanza.

Mpigaji aliyefuata akapiga, na wapinzani wakawa na watu wawili njiani kuja kufunga. Hapo ndipo nilipomwona Mzee akiinuka. Alipandisha suruali, akaweka kofia sawa, akapanda ngazi za kutoka kwenye kibanda chetu cha wachezaji, kilichochimbwa ardhini, na kushika njia ya kilimani.

"Mzee!" Verlyn aliita. "Mzee, ngoja!"

Uwanja ulikuwa unapiga kelele, hakusikia. Alikuwa amebakiza hatua nne kufika kwenye chokaa. Verlyn angeweza kumkamata shati. Wazee wote wale waliosafiri kumuaga wangemwona akivutwa kama mtoto aliyekimbilia barabarani. Au angemwacha avuke, na kila mtu angejua. Kwa vyovyote, kosa lingekuwa la Mzee, na Denise alikuwa pale pale na macho yake.

Verlyn alikimbia. Akampita Mzee begani, akavuka mstari, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Brody.

Mwamuzi akainua vidole viwili. Mtu mmoja jukwaani akapaza sauti, "We Verlyn! Umelewa?" Mzee alikuwa amesimama upande wetu wa chokaa, mikono kiunoni, amefura kwa hasira.

"Verlyn! Si umetoka huko sasa hivi?"

"Nimesahau, Mzee," akajibu, wote wakasikia. "Nimesahau kabisa."

Brody alitoka analia. Mpira wa kwanza wa mbadala wake ulipigwa mbali, wale wawili wakaingia, tukafungwa nne kwa tatu. Brody sitasahau uso wake, na sijui kama Verlyn alikuwa na haki ya kumtoa sadaka yeye pia. Nilimwambia hivyo hivyo, siku aliyopewa habari kwamba kiti kimekwenda kwa mtu wa Kansas mwenye miaka thelathini na moja.

"Naenda kwa Denise sasa hivi," nikasema.

"Hutakwenda."

"Umesubiri miaka ishirini na minne, bwana we!"

"Ndiyo. Ukienda utamvua nguo Mzee, na hizo nguo mimi hazitanitosha. Kaa chini."

Nilikaa, lakini sikumsemesha mwezi mzima. Nilimwona mpumbavu.

Karamu ya kumuaga Mzee ilifanyika bwaloni mwezi wa Juni, Jumapili baada ya kanisa. Kuku wa kukaanga, kolache, yaani maandazi ya jamu, za mkewe Mzee, na meza ya mbele yule kocha mpya wa Kansas, amevaa tai ya rangi ya chuo. Mzee alisimama akashukuru watu, akachekesha. Kisha akamnyooshea kidole Verlyn.

"Huyu amenikosesha kombe langu la mwisho. Mpaka mbili tu, Verlyn! Ningekuomba uhesabu mpaka tatu, sawa, lakini mbili?"

Bwalo zima likaangua kicheko. Verlyn aliinua vidole viwili hewani, akacheka kuliko wote. Carol Ann aliweka uma chini na kutazama sahani yake.

"Nimekusamehe," Mzee akasema. "Na ahadi ni ahadi. Nilikwambia kiti ni chako. Jamani, msimamisheni kocha wenu mpya. Verlyn, simama wakuone!"

Hakuna aliyetafuna. Denise alifumba macho. Yule kijana wa Kansas alikuwa mwekundu mpaka masikio. Mke wa Mzee alimgusa mkono kumnong'oneza, naye akautoa mkono, bado anatabasamu, bado anangoja.

Verlyn alisukuma kiti nyuma, akasimama na kufunga kifungo cha koti.

"Asante, Mzee," akasema. "Nitakitunza."

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akakaa na kuomba kolache nyingine. Verlyn alikuwa bado amesimama peke yake, mkono wa kushoto mfukoni. Mimi niliyemnunia mwezi mzima ndiye niliyeanza kupiga makofi, na wa pili alikuwa yule kijana wa Kansas.