Kuku wa Mnada wa Kanisa

Leo kuku ameniaibisha mbele ya kanisa zima hapa Nkubu.

Pasta alikuwa ametoka tu kuhubiri kwamba Mungu alipoamuru Sabato, aliagiza hata ng'ombe na punda wapumzike.

Aliyeitikia "Amina!" kwa sauti kubwa kuliko wote? Mimi.

Halafu tukatoka nje kuuza sadaka za mavuno. Mimi ndiye mtu wa mnada, si mnanijua. Nikamning'iniza kuku miguu juu, nikaanza: "Nani anaongeza?"

Shosho mmoja, bibi mzee wa kanisa letu, akaja polepole, akamgeuza, akamlaza kifuani pangu.

"Muuze hivi," akaniambia. "Hata yeye amesikia mahubiri."

Watu wakacheka. Mimi nikasikia moyo wa kuku ukipiga mbio kwenye koti langu.

Sasa niambieni, ile Amina nairudisha wapi?