Njiwa Walipohamia kwa Jirani

Kwetu, upande wa Kabambare, wanasema njiwa hakai kwenye nyumba ya magomvi. Kuku atavumilia, mbuzi atavumilia, lakini njiwa akisikia watu wanatukanana kila siku anahamia kwa jirani. Ndiyo maana mtu mwenye njiwa wengi anaheshimiwa, hata kama suruali yake ina viraka.

Sisi tulikuwa nao kumi na wanne. Kibanda chao kilisimama juu ya miti minne mirefu iliyozungushiwa bati ili panya wasipande. Mimi peke yangu nilipanda ngazi kukisafisha. Nilipenda kukaa kule juu, kwa sababu njiwa hawakuulizi kitu.

Mwaka ule shangazi yangu alikuja kutoka Wamaza kwa pikipiki, na godoro moja na sufuria mbili. Mume wake alikuwa amekufa na wakwe wakachukua nyumba. Baba alikuwa Lusangi, kwenye machimbo ya dhahabu. Akatuma neno kwamba dada yake akae kwetu. Akakaa. Yeye na mama walibishana kila siku juu ya chumvi ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, halafu wakala sahani moja.

Nilimpenda shangazi kwa sababu hakunilazimisha kuongea. Tukipalilia karanga, njiwa wa porini akilia mitini, yeye ndiye aliyemjibu: "Lia tu, weye! Hauna nyumba, hauna wakwe, nani atakufukuza?"

Katika wiki ya tatu niliona njiwa wetu wanajikuna kwa utitiri. Siku mama na shangazi walipokwenda shamba, nilichukua chupa ya petroli, mafuta ya taa yetu ya zamani, nikapaka mbao zote za kibanda. Sikumwambia mtu. Jioni njiwa walizunguka juu ya kibanda, wakashuka, wakaruka tena. Baada ya siku tatu wote walikuwa juu ya paa la jirani, ng'ambo ya njia.

Jirani alikuwa anatwanga muhogo. Akapaza sauti: "Mama, njiwa zenu ziko huku kwangu! Kuna nini kwenu tangu mugeni afike?"

Alisema akicheka, lakini njia nzima ilisikia. Asubuhi ile ile mama na shangazi walikuwa wamebishana tena juu ya chumvi. Mama akaangalia chini. Shangazi aliona hivyo.

Kesho yake godoro lilikuwa limekwisha kufungwa kwenye pikipiki ya kukodi.

"Wifi, unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Mungu iko. Sitaki kaka yangu arudi akute kibanda kitupu. Watu watasema ni miye niliyeleta magomvi."

Mimi nilijua ukweli tangu siku ya kwanza. Nikapanda ngazi, nikang'oa ubao mmoja wa sakafu, nikashuka nao na kumwekea mama chini ya pua.

"Petroli?" Mama akanitazama. "Nani aliweka petroli?"

"Miye. Ni kwa utitiri."

Shangazi akachukua ubao, akanusa, akapiga chafya. "Weye mutoto! Unanyamaza mpaka godoro langu linafungwa?" Halafu akanigeuza mabega kuelekea njia. "Sema tena. Yule wa ng'ambo asikie."

Sikuwahi kupiga kelele mbele ya watu. "Hakuna magomvi!" nikasema. "Ni petroli! Nilipaka petroli!"

Ng'ambo mchi ukasimama. "Kumbe mulizipaka marashi!" jirani akajibu, akacheka mpaka akakaa chini.

Mwenye pikipiki akaanza kufungua kamba, akinung'unika. "Sasa nitabeba nani?"

"Beba huyu," shangazi akasema, akinionyesha mimi.

Tulitoa mbao zote, tukazisugua kwa majivu, tukazianika juani. Zilipoacha kunuka nikazirudisha, nikamwaga mahindi mlangoni mwa kibanda, nikangoja. Siku nyingi hakuja hata mmoja.

Halafu, mchana mmoja, mama na shangazi walikuwa jikoni wanabishana juu ya chumvi, kwa sauti kubwa kabisa, kila mmoja na mwiko wake. Njiwa wawili wakavuka njia na kuingia ndani ya kibanda. Nilitaka kuwaita mama na shangazi waje kuona, lakini nikawaacha wamalize kwanza.