Plymouth ya Njano ya Wendell Krieg

Wendell Krieg alisambaza barua mjini Lima, Ohio, kwa miaka thelathini na moja, na hakuna mtu kwenye mitaa yake ambaye hakumsikia akisimulia habari za gari lake. Ilikuwa Plymouth ya njano, ya mwaka wa sabini, yenye pua ndefu iliyochongoka na bawa refu juu ya buti. "Nililitoa kwa ajili ya mke wangu," alizoea kumalizia, huku akitikisa kichwa.

Alilitoa mwaka wa sabini na nne. Mafuta yalikuwa yamepanda bei na mkewe, Darlys, alikuwa na mimba ya miezi saba. Wendell akalipeleka kwa muuzaji magari, akaongeza hela kidogo, akarudi na gari la familia la rangi ya kahawia. Muuzaji alilipokea kwa kusitasita. "Hili bawa nani atalitaka?" alisema. "Labda mtu wa kuanikia nguo."

Sasa Wendell alikuwa na miaka sitini na minane. Siku ya maonyesho ya wilaya, Darlys alikuwa kwenye kibanda cha kanisa akiuza pai, naye Wendell akaenda kuzurura penye magari ya kale. Akaliona. Njano ileile, bawa lilelile. Mwenye gari, daktari wa meno mstaafu aitwaye Royce Abernathy, alikuwa amekaa kando yake kwenye kiti cha turubai.

"Hili gari lilikuwa langu," Wendell alisema.

Royce akacheka. "Mzee, wewe ni wa nne kusema hivyo leo."

"Inua kiti cha nyuma. Niliandika jina la mke wangu chini yake kwa rangi nyeupe. Darlys."

Royce aliinua kiti. Akachungulia chini yake, kisha akageuka taratibu. "Yesu wangu. Lipo."

"Ulilinunua kiasi gani?"

"Laki mbili na elfu kumi, mnadani. Yamebaki machache sana."

"Dola?"

"Dola, mzee wangu."

Wendell akaketi palepale kwenye nyasi. Yeye, muuzaji alimhesabia elfu moja na mia mbili tu. Kisha aliinuka, akaenda mbio mpaka kwenye kibanda, kofia ameiacha.

"Umekuwa mweupe kama karatasi!" Darlys alisema. "Una nini?"

"Gari letu lipo pale. Laki mbili, Darlys! Nami nililitoa kwa ajili yako."

Darlys aliweka kisu chini. "Kwa ajili yangu? Nani alikwambia?"

"Ulisema halifai kubebea mtoto."

"Aliyesema ni mama yako. Mimi hukuniuliza. Nilitoka kliniki nikalikuta lile la kahawia limeegeshwa, nikajifungia bafuni nikalia. Ukadhani ni mimba."

Wendell alishika ukingo wa meza.

"Nililipenda lile gari kuliko wewe ulivyolipenda," Darlys aliendelea. "Ukiwa kazini nililiendesha mpaka mji wa Findlay, maili thelathini na zaidi, na kurudi."

"Findlay! Kwa kasi gani?"

"Usiniulize."

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Ulikuwa unatamba mtaa mzima jinsi ulivyojinyima kwa ajili yangu. Ningeanzia wapi?"

Darlys hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Wendell zaidi. Zile laki mbili zilikuwa zimeshamtoka kichwani. Alimtazama mwanamke huyu aliyelala naye kitanda kimoja kwa miaka arobaini na mitatu, akahisi kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

Royce alikuwa amefika na ile kofia mkononi, na alisikia yote. Akakohoa kidogo. "Mama, bado unaweza gia za mkono?"

Darlys alikuwa ameshaanza kufungua aproni.

Muda mfupi baadaye ngurumo ya lile gari ilipita nyuma ya vibanda, Darlys kwenye usukani, ikaelekea barabara kuu, watu wakageuza shingo. Mteja mmoja alisogea kwenye meza na kuuliza pai ya cheri ni bei gani.

"Sijui," Wendell alijibu, macho yake bado barabarani. "Kumbe sijui kitu."