Fundi Lifti na Mdhamini Aliyejitoa

Kazini walimwita Bwana Hakikisha, na jina lilimkaa barabara. Akikaza nati ataondoka, kisha atarudi kuigusa tena. Ukimwambia breki ni mpya, ataomba aone boksi ilimotoka. Jirani akimsalimia kwa uchangamfu kupita kawaida, atashinda kutwa akijiuliza huyu leo anataka nini.

Msimwone ana roho mbaya. Mtu anayefanya kazi amesimama juu ya paa la lifti, chini yake shimo tupu, akiamini kila anachoambiwa hafiki uzeeni. Na ni ufundi huo huo uliomvusha mipaka. Kampuni ya lifti ilimdhamini, viza ikatoka, akaja na mkewe. Bila kampuni hakuna viza, na bila viza ni kufunga virago. Hilo alilijua kuliko alivyolijua jina lake.

Asubuhi moja alikuwa kwenye chumba cha mashine, juu kabisa ya jengo la ofisi, mikono imejaa grisi, akaitwa makao makuu. Mama wa utumishi alimwonyesha kiti cha kitambaa cheupe.

"Keti, fundi."

"Nitakichafua, mama."

"Wewe keti tu."

Alipoona anaruhusiwa kuchafua kiti, akajua mambo yameharibika.

"Maofisa wa uhamiaji wanakagua watu tunaowadhamini," mama alisema. "Walikwenda kwenye anwani yako wiki iliyopita, mchana. Wakaambiwa hukai pale, wala hujulikani."

"Nani kawaambia?"

"Hawakusema. Wanachosema ni kwamba tunawapa taarifa za uongo, na tukikung'ang'ania watatunyang'anya kibali cha kudhamini watu wote. Bosi amejitoa kukudhamini. Viza yako imefutwa."

"Lakini nakaa pale! Njooni hata leo mnione nimelala!"

"Mimi nakuamini, baba. Kwa bahati mbaya, siyo mimi wa kuaminishwa."

Akatoka hapo moyoni ana swali moja tu: nani kanichongea? Alimfikiria mwenye nyumba. Akamfikiria bibi wa ghorofa ya chini, anayelalamikia hata mtu akipiga chafya. Mwisho shaka yake ikatua kwa Mrefu, mwenzake wa kwao, aliyefanya naye kazi bega kwa bega na kula naye meza moja kila Jumapili. Si ndiye aliyemuuliza juzi viza yake inaisha lini? Si ndiye mwenye mdogo wake anayetafuta mdhamini kwa udi na uvumba? Ilimwingia akilini vizuri mno, na kwa mara ya kwanza maishani hakurudi kuhakikisha.

Alimkuta Mrefu kwenye uwanja wa kampuni, kati ya mafundi wengine, anapakia vifaa kwenye gari.

"Umeniuza," alimwambia, bila hata salamu.

"Nimekuuza? Nani akununue wewe, na gubu lako hilo?"

"Usinichekeshe! Mdogo wako anatafuta mdhamini, au siyo? Mimi nikiondoka, nafasi hiyo!"

Mrefu aliweka chini kisanduku cha spana. "Mdogo wangu ni mpishi," alisema. "Tangu lini mpishi akafunga breki za lifti?" Halafu utani ukamtoka usoni. "Nimekula kwako miaka yote hii, leo unaniita msaliti mbele za watu. Aliyefungua mlango ndiye aliyejibu. Kamuulize huyo." Akawasha gari akaenda zake.

Nyumbani, fundi alimkuta mkewe anapiga pasi ovaroli.

"Kuna watu walikuja kuniulizia?"

"Walikuja wawili, wana vitambulisho shingoni, viatu vinang'aa. Nilitaka kukwambia, nikapitiwa."

"Ukawajibu nini?"

Mkewe akaweka pasi kando, akasimama wima, akaitamka sentensi yote kwa lugha ya ugenini, bila kujikwaa: hakai hapa, simjui. "Mmoja hakuridhika, akauliza tena. Nikamrudishia vile vile! Safi, eh?"

Fundi akakaa chini sakafuni. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza aliyomfundisha walipofika, kabla hata ya "asante". Mji umejaa matapeli, alimwambia. Mtu usiyemjua akiniulizia, jibu ni hilo, wala usiongeze neno. Walifanya na mazoezi, yeye nje anabisha hodi kwa sauti ya kujifanya, mkewe ndani anamkana, wote wanacheka.

"Mume wangu, nimefanya nini?"

Alipomweleza, mama wa watu alilia mpaka kwikwi. Kisha hasira zikampanda. "Umenifundisha kukukana tu! Kukukubali hukunifundisha!" Fundi alisikia aibu. Alimpigia Mrefu kumwomba radhi, simu ikaita mpaka ikakatika.

Kesho yake walikwenda wote wawili uhamiaji, mkewe amevaa gauni lake la heshima, njia nzima anajifunza maneno ya kusema. Nyuma ya kioo alikaa ofisa mwanamke, mpole, asiye na haraka.

"Nilidanganya," mkewe alisema. "Huyu ni mume wangu. Anakaa pale, na mimi."

Ofisa alisoma kwenye kompyuta yake. "Siku ile ulisema humjui. Ukaulizwa tena, ukasema humjui."

"Ndiyo."

"Leo viza imefutwa, umemkumbuka."

"Niliwaogopa. Yeye ndiye aliyenifundisha niseme vile, watu nisiowajua wakija."

Ofisa akamgeukia fundi. "Ni kweli ulimfundisha mkeo awadanganye wanaokuulizia?"

"Kweli, mama. Kosa langu."

"Na haya ya leo," ofisa aliuliza, pasipo ukali wowote, "kamfundisha nani?"

Mkewe akamtazama, anangoja amtetee. Fundi akamgeukia. Mbele yake alisimama mwanamke anayetokwa na machozi, anayesema kweli tupu, na yeye alijua kwamba kama angekuwa amekaa upande ule wa kioo, asingemwamini.